Mwaka Tela Lilipoacha Kugonga

Mjukuu wangu Riziki ameniwekea simu yake hapa juu ya mto, kasema, "Bibi wewe ongea tu, nitaandika baadaye," kisha kaenda zake uani kuchambua mchele na wenzake. Basi naongea na simu, mwenzenu. Niko eda. Mume wangu Feruzi amezikwa, watu wamekula wali wa hitima, wamenishika mkono, kila mmoja karudi kwake, na mimi nimebaki na chumba hiki, godoro hili, na dirisha linaloangalia barabara. Kutoka sitoki mpaka eda iishe. Wanawake wakija kunitazama wanakaa hapo kwenye mkeka wanashusha sauti kama vile mimi ndiye nafuata, na nikicheka wanatazamana. Nani kasema mjane hacheki? Siku ile walipomtoa Feruzi hapa ndani, Bilali, ambaye alikuwa utingo wake miaka yote ile, alikanyaga ndala yake mwenyewe pale mlangoni akadaka kanzu ya shehe, kidogo waende chini wote wawili, nikacheka huku machozi yananitoka. Feruzi angecheka zaidi yangu. Lakini wakishaondoka, weee, chumba kinakuwa kikubwa. Hujawahi kuona chumba kinakua. Mimi nakiona.

Malori yanapita hapo nje kutwa. Siku hizi ni lami, yanapita yanateleza kama mtu kaburuta shuka, husikii kitu mpaka lishapita. Nimelala nayasikiliza, na ndiyo yaliyonirudisha kwenye mwaka wetu wa kwanza, mimi na Feruzi. Habari za ukoo, nani kazaliwa wapi, nani alivuka ziwa kutoka Kongo na mtumbwi gani, hizo mtaambiwa na wengine, wapo wanaozipenda. Mimi nataka kusema habari za chumba kimoja na tela moja.

Chumba chenyewe kilikuwa hapahapa Mwanga, Kigoma, ng'ambo ya kona hii hii. Tulipojenga hatukwenda mbali, na sababu nitawaambia. Kilikuwa cha kupanga, matofali mabichi, kitanda cha kamba, sanduku langu la harusi, jiko la mkaa ambalo mvua ikinyesha naliingiza ndani nakohoa mpaka basi. Ukuta haukufika juu. Palikuwa na uwazi chini ya bati, kwa hiyo maneno ya jirani yanakuja kwako na yako yanakwenda kwake, bure. Jirani alikuwa Mama Yohana, Mrundi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuja zamani na kanisa lake na watoto wake. Akiamka namsikia anasali, akimaliza anagonga ukuta, "Bwakeye, Mwavita!" namjibu, "Bwakeye, Mama Yohana, umeamkaje?" "Ego, tupo." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee niliyosema na mtu mpaka jua linakwenda kulala. Mimi, niliyezoea soko la Ujiji, mama zangu wadogo na shangazi zangu wote wanasema kwa pamoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake, nikawa nakaa na jiko. Naliambia jiko, "Leo unawaka vizuri." Mnacheka. Kaeni peke yenu muone.

Nyuma ya chumba palikuwa na uwanja wa yule mwenye gari, sisi tulimwita Tajiri tu. Na pale ndipo Feruzi alipolilaza gari lake likirudi. Sasa nieleze gari lenyewe, maana Riziki anajua pikipiki na bajaji tu. Mbele kuna kichwa, ndicho chenye injini na dereva. Nyuma kuna tela. Kichwa kina sahani kubwa ya chuma mgongoni, pana kama ungo wa kupepetea, na tela nalo lina pini nene chini ya shingo. Kichwa kinarudi nyuma taratibu, sahani inaingia chini ya tela, ile pini inadakwa na meno ya chuma, kwa! Basi wameoana. Ikiwa pini imebana vizuri na sahani ina grisi, tela linafuata kichwa kama mtoto kashika kanga ya mamake. Ikiwa imelegea au imekauka, wewe! Ukiondoka linakuvuta nyuma, ukikanyaga breki linakupiga mgongoni. Ko! Ko! Njia nzima.

La Feruzi lilikuwa linagonga. Barabara ya Kasulu ilikuwa vumbi jekundu na makorongo, anakwenda na mapipa ya mawese, anarudi na maharage na mahindi, na tela linampiga kwenda na kurudi. Akiingia ndani hasemi. Nimempikia migebuka, samaki wetu wa ziwani, nimeipika na mawese na pilipili, ugali wa muhogo umetulia, anakula mkono mmoja, mwingine kashika kiuno. Namuuliza, "Habari za njiani?" "Njema." "Kasulu mvua?" "Ipo." Halafu anajilaza kauelekea ukuta. Mimi nimekaa siku kadhaa nakusanya maneno ya kumwambia, nimeyapanga kama nyanya sokoni, na mnunuzi kageuka ukutani.

Ila nilikuwa na kitu kimoja changu. Lile tela likifika kwenye kona ya mteremko, pale anapokanyaga breki aingie uwanjani, lilikuwa linagonga, ko, ko-ko, mtaa mzima unasikia. Mimi nikilisikia, popote nilipo, natia maji jikoni. Kabla hajazima injini chai inanukia. Hakuwahi kufungua mlango ule akakuta sijajiandaa. Mama Yohana alikuwa akinitania kupitia juu ya ukuta, "Mwavita, mume wako anapiga ngoma, kacheze!" Na kwa wiki nzima wakati mwingine nilikuwa sisubiri kingine duniani ila mlio ule wa chuma.

Sasa siku moja, asubuhi tu, naosha vyombo, nasikia maneno uwanjani. Sauti ya Tajiri, nyembamba, ya mtu asiyepandisha hasira. Anasema, "Feruzi, hili tela linakula gari. Kila safari pipa limepasuka mshono. Mimi nauza mawese, siyamwagi barabarani." Feruzi akajibu, "Mzee, tela ndilo bovu, si mimi." "Wenzako wanaendesha mabovu hayohayo. Mvua hizi zikiisha kama bado linagonga nampa mtu mwingine gari." Halafu nikamsikia Bilali anamuuliza mume wangu, taratibu, Tajiri keshaondoka, "Sasa kaka, utafanyaje?" Na Feruzi akasema, "Navuka. Kalemie kuna kazi." Hivyo tu. Navuka! Hakusema tunavuka. Nikabaki na sufuria mkononi, maji ya sabuni yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa na umri wa kuitwa mtu mzima lakini pale nilikuwa mtoto. Nikajua kabisa, akivuka ziwa lile kwenda Kongo, kona haitagonga tena, na mimi nitarudi Ujiji na sanduku langu kichwani, watu wanauliza mumeo yuko wapi.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Nilimwambia kitu kingine. Bilali alishikwa na homa kali siku chache baadaye, kalala anatetemeka, na gari limeshapakiwa. Safari bila utingo haiendi, nani ataweka gogo nyuma ya tairi kwenye mlima? Feruzi anazunguka uwanjani anatafuta mtu. Nikasema, "Nitakwenda mimi." Akanitazama kama nimesema nitakwenda mwezini. Zamani zile, mwanamke wa dereva hapandi kabini, ni mkosi, gari litapinduka, kila mtu alijua hivyo. "Mke haingii kwenye kabini," akasema. Nikamwambia, "Basi nisiwe mke. Niite utingo." Mama Yohana akacheka kule upande wa pili mpaka akakohoa. Nikavaa shati la Bilali juu ya kanga, linanuka dizeli na jasho la homa, nikapanda. Na Feruzi, mpaka siku anakufa, tukiwa wawili tu, hakuniita Mwavita. Aliniita Tingo. "Tingo, niletee maji." Asubuhi ya mwisho alisema hivyohivyo.

Tukaondoka alfajiri ndiyo inapambazuka, kuna baridi, ukungu umekalia mashamba ya watu. Na gari limetulia! Linagonga kidogo, lakini limetulia. Nikafikiri wanaume hawa waongo, wanalalamika bure. Feruzi mwenyewe akiwa kwenye usukani ni mtu mwingine. Anaongea! Ananionyesha. "Angalia mguu wangu. Sitoi klachi kwa pupa. Naitoa kidogo, kichwa kinasogea upana wa kiganja, nasikia pini imegusa. Sasa ndiyo naondoka. Ukiondoka kabla hajakushika unamkwanyua." Nikamuuliza nani, akasema tela, nani mwingine. Kwenye mteremko hakungoja afike chini ndipo akanyage, alianza juu, gia ndogo, na breki ya tela anaigusa kwanza kabla ya ile ya kichwa, ili tela libaki nyuma limenyooka, lisije kumkuta. Mimi natikisa kichwa kama nimeelewa, na nilielewa. Nilikuwa na furaha, jamani. Nimekaa juu, naona nchi nzima, mume wangu anasema maneno.

Jua likapanda. Tukaanza milima, tukaipita, na saa ile ya jua la utosi, tunateremka, ndiyo nikaona. Ko! Nikarushwa mbele. Ko, ko! Nikarudishwa nyuma. Halikuwa gari lile la asubuhi. Kuna kitu kinatusukuma mgongoni, kinaacha, kinasukuma tena, kama watu wa nyuma kwenye foleni ya sabuni. Na Feruzi kanyamaza. Uso umefungwa, ule uso wa ukutani. Nikaelewa sasa anachokileta nyumbani. Haikuwa kuninunia. Alikuwa anapigwa.

Tuliposimama, yeye akaenda kutazama sahani, mimi nikapanda juu ya tela kutazama mapipa, si mimi ni utingo? Nikafungua pipa moja. Basi nikacheka. Mimi nimeuza mawese Ujiji tangu sijaota meno ya utu uzima. Asubuhi na baridi mawese yameganda, unayachota na mkono kama ugali laini. Jua likipanda yanakuwa maji. Na mapipa yale hayakuwa yamejaa, wapakiaji wa kule ziwani Kibirizi wanamimina kwa debe, wakichoka wanaacha, kila pipa lina nafasi juu. Asubuhi tumebeba mawe. Mchana tumebeba maji yanayokimbia huku na huku, yakikimbia yanapiga pipa, pipa linasogea, linapiga mwenzake, wote wanapiga tela, tela linampiga mume wangu. Nikampigia kelele kutoka juu, "Feruzi! Mawese yameamka!" Akauliza yameamka vipi. Nikashuka na kikombe nikamwonyesha yanavyocheza. Akaingiza kidole, akalamba. "Miaka yote naendesha mawese," akasema, "sijawahi kuyafungua njiani." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani, na hicho kilikuwa cha kwanza tangu harusi.

Na yeye akanionyesha yake. Grisi mwaka ule ilikuwa haipatikani, kama sabuni, kama sukari, kama kila kitu. Madereva wote wa Kigoma walikuwa wanapaka nini kwenye sahani? Mawese! Si ndiyo tunayo? Tunapikia, tunapaka mwilini, tunawapaka watoto, basi na magari nayo tukayapaka. Siku mbili tatu inateleza vizuri, halafu vumbi la barabara linanasa, mafuta yanakauka, linakuwa gamba gumu jekundu kama kuta za kichuguu. Feruzi akilikwangua na kisu linatoka vipande. Kichwa kikitaka kukata kona, sahani haizunguki, inanasa, kisha inaachia kwa mshtuko. Kumbe mawese yalikuwa yanatupiga juu na chini.

Tuliporudi, mimi ndiye nilikuwa na maneno mengi kuliko siku ya soko. Asubuhi yake nakwenda bombani na Mama Yohana, tunachota, tunajitwisha, na kama kawaida kabla ya kujitwisha tunachuma majani tunaweka juu ya maji kwenye ndoo. Kila mwanamke anafanya hivyo, ukiweka majani maji hayakurukii. Nimetembea hatua chache na ndoo kichwani nikasimama katikati ya njia. Mama Yohana nusura anigonge. "Umeona nyoka?" "Oya," nikamjibu kwa Kirundi chake, "nimeona majani." Nikamweleza. Akafikiri, mrefu vile, ndoo haitikisiki kichwani. Akasema, "Migomba yangu ipo. Kata unavyotaka. Ila niachie ya kufungia ndizi zangu." Halafu akasema, kama kitu kidogo, "Na grisi nitamwambia shemeji yangu. Anatoka Bujumbura na mtumbwi."

Grisi ilikuja kwenye kopo la maziwa ya watoto, imefukiwa kwenye gunia la maharage, maana ukionekana na vitu vya magendo unaitwa mlanguzi, unakwenda ndani. Mimi na Mama Yohana tumejifungia chumbani mchana kweupe tumefukua maharage kama tunatafuta dhahabu, na lilipofunguka, ile harufu, ile rangi ya asali ya zamani, tukapiga vigelegele kwa sauti ya chini. Mnajua kupiga vigelegele kwa sauti ya chini? Jaribuni. Bilali, homa imemwacha lakini miguu bado ya kuku, alikwangua sahani na panga, akaiosha na mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akapaka. Feruzi akaingia chini, akakaza yale meno ya kushika pini. Mapipa tukayajaza mpaka juu, wakapakia machache lakini yamejaa, na kila pipa juu ya mawese nikatandika majani ya mgomba yaliyokunjwa, nikayashindilia mpaka kifuniko kinayakandamiza. Yale mazito wakayasogeza mbele karibu na shingo, ili tela liikalie sahani vizuri lisiinukeinuke. Katikati ya mapipa wakashindilia matita ya matete kutoka ziwani. Bilali anatazama anasema, "Shemeji, haya ni mawese au unamtoa mtu mwali?"

Waliondoka. Nikaanza kusubiri. Sasa kusubiri kwa safari ile kulikuwa na jambo ndani yake, mvua zilikuwa zinaisha, kila nikiamka natazama mbingu kama mkulima, nikiona wingu nafurahi. Siwezi kula. Ugali naugusa nauacha, nampelekea kuku wa Mama Yohana. Usiku naota Kalemie, mji sijawahi kuuona, umejaa migongo ya watu tu. Mama Yohana anagonga ukuta, "Upo?" "Nipo." Siku moja mchana nikaona maji yameisha, nikasikiliza kwanza, hakuna kitu upande wa kona, nikachukua ndoo nikaenda bombani. Foleni ndefu. Narudi polepole, majani juu ya maji, nafika kwangu, mtu amekaa kwenye kizingiti. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Feruzi. Mlango umefungwa, ufunguo ninao kwenye pindo la kanga.

"Umefika saa ngapi?" "Muda." "Sikukusikia!" Akatabasamu mtu yule, kajaa fahari, meno meupe kwenye vumbi. "Hutanisikia tena. Halijagonga, Tingo. Kwenda na kurudi, hata pipa moja halijavuja. Tajiri katoka nje mwenyewe kaja kulizunguka." Alikuwa anangoja nipige kelele za furaha. Na mimi nilizipiga, msidhani sikuzipiga, nilitua ndoo nikamkumbatia na vumbi lake. Halafu akasema, "Ila sikukuta chai." Alisema kwa utani tu. Mimi nikaanza kulia. Nalia kweli, makamasi, Mama Yohana akatoka na mwiko mkononi akidhani kuna msiba. Feruzi anauliza, "Nini? Nini?" Nikamwambia. Nikamwambia kwamba siku zote nilikuwa namjua akiwa kwenye kona. Kwamba ile ngoma ya chuma ndiyo ilikuwa inaniambia nina mume. Kwamba nimehangaika mpaka nikainyamazisha, na sasa nitajuaje?

Alikunywa chai iliyochelewa, akala, na safari hii alijilaza kanielekea mimi. Nilimwona kwa mara ya kwanza anavyolala, mdomo wazi kama kambale.

Na Tajiri, kwa furaha yake, akafanya nini? Akampa njia ndefu. Si ndiyo akili ya matajiri? Dereva mzuri anapelekwa mbali. Kasulu ikawa Kibondo, Kibondo ikawa Kahama, ikawa Shinyanga, akawa anakaa huko mpaka mwezi unaandama na kuzama. Kuvuka ziwa hakuvuka, kazi alibaki nayo, mume nilikuwa naye, na chumba kilikuwa changu peke yangu zaidi ya kwanza. Mwaka ule ulivyobaki ulikuwa hivyo. Nilijifunza kusuka mikeka. Nilijifunza nyimbo za kanisa za Mama Yohana kupitia juu ya ukuta, mimi na kanga yangu ya swala, naimba kiitikio kwa Kirundi. Nilipika chakula cha mtu mmoja, na kupika cha mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko cha ishirini, sufuria inakucheka. Wasichana wa leo wanasema wanataka nafasi yao. Nilikuwa nayo. Chukueni.

Lakini ile safari iliyofuata, ndefu, nimekaa nasuka mkeka, mchana wa jua, nikasikia. Ko. Kwenye kona. Mara moja tu. Nikasimama na ukindu miguuni, nikasema hapana, ni gari lingine. Nikatia maji hata hivyo. Akaingia, chai inanukia. Akakaa, akapuliza, akanywa. Ni Bilali aliyenivujishia. Akaniambia, "Shemeji, mume wako ameniambia nikaze pini lakini nibakize ulegevu kidogo, wa unene wa unywele. Njia nzima analiendesha kama kabeba mayai. Tukifika hapo kwenye kona, anagusa breki ya tela, anaachia. Nimemuuliza, kaka, si tumehangaika lisigonge? Ananiambia wewe kaa kimya."

Miaka yote aliyoendesha, magari yakabadilika, matajiri wakabadilika, barabara ikatiwa lami, alifanya hivyo. Ko. Moja. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye, hata siku moja. Ndiyo sababu tulijenga hapa. Watu walituuliza kwa nini mnakaa kwenye kona yenye vumbi na makelele wakati Ujiji mna kiwanja cha urithi. Tukasema maji yako karibu.

Sasa juzi. Nilikuwa nimekaa hapahapa, Riziki ananisuka, wanawake wa kunitazama wameshaondoka. Nikasikia kwenye kona, ko. Mkono wangu, mimi sikuutuma, mkono ukaenda kwenye birika. Riziki akasema, "Bibi, unataka nini?" Nikamwambia nyamaza. Nikasikiliza. Ko. Tena ko-ko. Ko. Basi nikajua. Ni tela tu. Sahani imekauka, linahitaji grisi, si la kuchomoka wala kumdhuru mtu, linagonga kwa ukavu. Lilikuwa limesimama hapo mbele, kwa yule mama wa mahindi ya kuchoma, nikamwona dereva kupitia dirishani, kijana, kofia kageuza nyuma, ananunua hindi, mkono mmoja kashika kiuno.

Nikamwambia Riziki, "Kimbia, mwambie yule mtoto sahani yake imekauka. Akwangue, aoshe, apake grisi, na akaze pini."

"Bibi, wewe umejuaje?"

"Nimekaa nalo nyumba moja. Nenda!"

Akavaa ndala, akajifunga ushungi, kafika mlangoni. Yule kijana kashapanda, kawasha. Nikasikia klachi inatolewa kwa pupa, likamkwanyua, ko, na hindi lake mdomoni.

Nikamwita Riziki arudi.

"Sasa tena, Bibi?"

"Mwache," nikamwambia. "Aende hivyohivyo. Huko mbele huenda kuna mtu anamsikiliza."